Mashua Iliyobakiza Kidogo

Mama mzee niliyemtunza hapa Buffalo, Amerika, alizaliwa kisiwani, kwenye mlango wa mto mkubwa wa magharibi ya Ayalandi, mahali ambapo mto na bahari hukutana na kugombania njia. Leo kisiwa hicho hakina mtu. Familia za mwisho zilihamia bara, naye akavuka bahari akiwa msichana, akaolewa huku na kijana wa mwambao uleule ambaye kazi yake ilikuwa kupakua ngano kwa koleo kutoka kwenye meli za ziwani. Mume alikufa zamani. Nilipoanza kazi kwake alikuwa amebaki na paka mmoja mwenye kiburi, dirisha la jikoni, na mashua.

Mashua ililala uani, kwenye majani. Ilikuwa ndefu, bapa kwa chini, pua imeinuka kidogo, ya mbao tupu, kama zile ambazo watu wa kwao walivulia samoni na kubebea matete mtoni. Mumewe ndiye aliyeiunda, hapohapo uani, kwa kukumbuka tu. Mtoto wao wa pekee, kijana aliyekuwa ndio anaanza kuota ndevu, alitoka nayo siku ya upepo, akafika pale mto wa Buffalo unapoingia ziwani, na mashua ikarudi bila yeye. Ilikutwa inaelea bila kupinduka, makasia yamo ndani. Mwili haukuonekana.

Haya aliniambia mwenyewe, mapema kabisa, nikiwa namkata kucha. Wapo wanaonitetea kwamba sikujua. Nilijua. Ila kujua ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine.

Kila asubuhi, kabla ya chai, alitaka kiti chake kisogezwe dirishani. Aliiangalia mashua kama mtu anavyoangalia chungu kilicho motoni, halafu ndiyo anywe chai yake. Mimi nikafikiri anaihurumia.

Alipenda kusimulia. Baba yake na wajomba zake walikuwa marubani wa mto. Meli ilipotoka baharini haikuweza kupanda mtoni peke yake, kwa sababu chini kulikuwa na mafungu ya mchanga yanayohama na mikondo isiyo na adabu. Watu wa kisiwani walikaa juu kilimani wakichungulia. Tanga likionekana tu, mashua kadhaa zilishuka majini kwa pamoja na kushindana, na wale waliogusa ubavu wa meli kwanza ndio waliopata kazi ya kuiongoza. Wengine walirudi nyumbani na mikono yenye malengelenge. Mashua mpya ilizungushwa kisiwa kizima, kwa upande jua linakokwenda, ndipo iruhusiwe kufanya kazi, na ndani yake kiliwekwa kijiwe cha kisiwani. Na hakuna mwanaume aliyejifunza kuogelea. Nilimuuliza kwa nini. Akasema maji yakishakutaka, kuogelea ni kurefusha mazungumzo.

Mimi nami ni mtoto wa mashua. Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, ng'ambo ya Tanzania. Sisi watoto tulisokota pamba na kuichovya kwenye mafuta ya mawese, yeye akaishindilia kwa patasi na nyundo ya mti kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, ili maji yasipite. Ndiko kukalafati huko. Mkono wangu unaijua kazi hiyo kuliko unavyojua kuandika. Mama mzee alifurahi kusikia, ila hakuniamini nilipomwambia kwamba ziwa letu halijai wala halipwi. Aliona ni maji ya kivivu.

Baba alizama kutoka kwenye mtumbwi alioutengeneza mwenyewe. Mtumbwi ulipatikana umepinduka, yeye hakupatikana. Baba mdogo akaugeuza, akaukalafati upya, akaupaka rangi nyingine, na haukupita muda ukawa unabeba watu na ndagala, dagaa wa kwetu, kama kawaida. Hakuna aliyeshangaa. Mbao ni mbao, na watoto wanataka kula. Kisha vita vilipofika kwetu, sisi wenyewe tulivuka kwenda Tanzania ndani ya mtumbwi huohuo. Kwetu, mashua ikiachwa ioze nyuma ya nyumba ya mjane, aibu si ya mjane. Ni ya majirani.

Kwa hiyo mama mzee alipoanguka na kuvunjika nyonga, akapelekwa hospitali na baadaye kwenye nyumba ya mazoezi kwa sehemu kubwa ya kiangazi, mimi niliyebaki na ufunguo wa kulishia paka nikaona nafasi yangu. Mume wangu ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, seremala wa kule, ingawa huku kazi yake ni kiwandani Tonawanda. Nilimkabili akiwa bado na viatu vya kazini.

"Ile mutumbwi ya mama muzee inatupatisha haya," nikamwambia. "Mbao inaoza, na fundi iko hapa anakula."

"Ametuomba?"

"Mujane anaombaka? Donc unangoja apige magoti na ile kiuno yake?"

Alicheka. Akasema angeitazama kwanza. Kutazama kwa seremala ni sawa na kukubali, na Jumamosi ile alikuwa tayari amelala chini ya mashua akibonyeza mbao kwa kidole. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema kutoka huko chini.

Mbao za mbele, karibu na pua, zilikuwa zimelainika kabisa, kidole kiliingia kama kwenye muhogo uliopitiliza kuiva. Alizitoa, gari la takataka likazibeba, akatia mbao ngumu mpya na kuzifunga kwa gundi na skrubu. Mimi nikanunua pamba, na mawese nikayapata kwenye duka la Waafrika. Nikapiga magoti kwenye majani ya mama mzee na nyundo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nije Amerika nikasikia harufu ya baba. Nililia kidogo, nikaendelea kupiga.

Kulikuwa na jambo sikulipenda. Kila nilipogonga, kitu kiligonga upande wa pili. Mume wangu akasema ni mwangwi wa ukuta wa jirani. Sawa. Lakini niliposimamisha nyundo, ule upande wa pili uligonga tena, mara moja, polepole, ndipo ukanyamaza. Nikakemea kwa jina la Yesu, nikavuta pamba nyingine. Halafu kile kiti cha kati, ubao ambao mpiga makasia hukalia, hakikukauka. Jua lilikuwa kali, mbao zote zikawa nyeupe kwa ukavu, chenyewe kikabaki na unyevu kama kimefutwa sasa hivi kwa kitambaa. Mume wangu akasema ubao ukinywa maji miaka mingi hukawia. Alisema hivyo bila kuniangalia.

Tulimaliza kwa rangi ya kijani. Ilipendeza mno. Tenda wema nenda zako, wanasema watu. Mimi nilitenda nikakaa kungoja shukrani.

Siku aliyorudishwa nilikisukuma kiti chake cha magurudumu nikakipitisha pembeni ya nyumba, si mlangoni, ili aione kabla ya kitu kingine chochote. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na pua ya mashua, amevaa shati la kanisani. Mama mzee alitazama. Alitazama mbao mpya, akatazama mistari ya pamba chini ya rangi, kwa sababu jicho lake lilijua pa kutazama.

"Nani?" akauliza.

"Sisi," nikasema, na meno yangu yote nje.

Akasema anasikia baridi, nimwingize ndani. Jikoni aliniomba nifunge pazia la lile dirisha. Sikuwahi kuliona limefungwa.

Kwa siku kadhaa aliongea nami yale ya lazima tu: dawa, choo, paka. Nilikasirika. Nilijisemea moyoni kwamba wazungu ni wazungu, hata wa visiwani. Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza tumemkosea nini, na yeye, akiwa ameshika kikombe bila kunywa, akanieleza bila hata kupandisha sauti.

Kwao, mashua ikishamzamisha mtu, haipandwi tena. Haiuzwi. Haichomwi wala haivunjwi, kwa sababu aliyezama bado amekaa ndani yake. Maji yamemchukua mwili, lakini mwenyewe amerudi kukaa mahali alipokuwa amekaa, na hawezi kutoka mpaka maji yaweze kuingia na kutoka yapendavyo. Kwa hiyo inavutwa juu ya ufuko na kuachiwa mvua. Ubao ukiachana na ubao, naye anaondoka. Mama au mke hungoja. Alisema alipokuwa mtoto zilikuwepo mashua za namna hiyo kwenye ufuko wa kisiwa chao, na watoto walikatazwa kuzichungulia.

"Padri haijui habari hii," akaongeza, "na huna haja ya kumwambia."

Kisha akasema neno lililonikata. "Nilikuwa nimebakiza kidogo. Zile mbao za mbele zilikuwa zimekwisha. Baridi moja, pengine mbili. Nilitaka nimwone ameondoka ndipo nife. Ndilo jambo pekee nililokuwa nikingojea humu ndani."

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi niliingia katika giza hilo na nyundo. Mtu alikuwa amekaribia kufunguliwa, nami kwa pamba na mawese, kwa ustadi wote alionifundisha baba, nikamfungia ndani upya. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba. Kiti cha kati kilikuwa kinang'aa kwa unyevu, na sikuweza kukisogelea.

Jioni nilimpigia simu mama yangu, Louisville. Anaishi huko na mdogo wangu anayefanya kazi ghalani Jeffersontown, na kwa miaka yote tangu tuhamie Buffalo tulimwomba aje kututembelea akakataa, safari ndefu, magoti, baridi. Nilimsimulia yote. 

"Donc," akasema, "kama ni vile, baba yako angali anavushaka watu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Yeye alilifikiria mara moja.

Wiki ileile akapanda gari la mdogo wangu. Walilala kwa binamu yetu Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, nami nikaenda kumchukua hapo. Njiani kuelekea kaskazini hakutazama nje. Aliniambia jambo ambalo mimi, niliyekuwa mtoto nimebanwa katikati ya mabegi, sikuliona siku ile tulipovuka ziwa. Mtumbwi ulijaa watu mpaka maji yakawa yanalamba ukingo. Watu walisimama, watu walikaliana mapajani. Na ile nafasi ya nyuma alipozoea kukaa baba ilikuwa wazi.

"Watu walijuaka?" nikamuuliza.

"Wengine hawakumujuaka hata kidogo. Walikuwa wa mbali. Lakini hakuna mutu alikaa. Njo vile."

Tulipofika, alitaka apelekwe kwa mama mzee kabla ya kula. Niliwaweka jikoni, viti vyao karibu, pazia likiwa wazi kwa ombi la mama yangu. Hawakuwa na lugha ya pamoja, wakanitumia mimi. Kusema kweli nilikuwa na tumaini langu la siri. Nilitaka mama mzee asikie jinsi mtumbwi wetu ulivyotufikisha salama, apate faraja, aseme basi haidhuru, nami nilale usingizi.

"Mwambie, sisi ile yetu tuliipanda," mama akasema.

Nikatafsiri, nikamweleza na habari ya baba kuzama. Mama mzee akageuka akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na yeye aliwaacha mpite?"

"Alitusukuma. Upepo ilikuwa inatoka mbele, na mutumbwi ikaenda tu."

Mama mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeulizia hali ya njia anayoijua. Kisha akasema, "Nyinyi mlikuwa mnakimbia. Mlikuwa na haki ya kumsumbua. Mimi sikimbii."

Nilitafsiri hilo kwa shida. Mama yangu alisema ni kweli, na tumaini langu likaishia hapo.

Mama mzee alituruhusu tujaribu kurudisha mambo nyuma. Nilichotia mimi, mimi ningeweza kukitoa, ila kilichokuwa cha mashua kisiguswe. Kwa hiyo nikapiga magoti tena kwenye majani yaleyale na kulabu ya waya, nikavuta pamba yangu yote, uzi kwa uzi, mama akiipokea kwenye beseni, na mama mzee akitazama kutoka dirishani. Safari hii hakuna kilichogonga. Rangi tuliikwangua. Tatizo lilikuwa zile mbao za mume wangu. Alikuwa amezifunga kwa roho yake yote, na alipojaribu kuing'oa ya kwanza, taruma la zamani, ubavu wa ndani wa mashua ulioishikilia, likaanza kupasuka. Dirisha likagongwa. Tukageuka. Mama mzee alikuwa ameinua kiganja chake kwenye kioo. Mume wangu akaweka chini nyenzo yake.

"Sasa inaingiza maji," nilimwambia nikimlisha usiku ule, kama mtoto anayeonyesha alama zake za shule.

"Inaingiza," akasema. "Lakini imeshikana."

Mama alirudi Louisville. Baridi ikaja na theluji ya Buffalo ambayo haina simile, ikaifunika mashua mpaka ukaonekana mgongo tu mweupe uani. Mama mzee alikuwa anapungua. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko matusi. Kila asubuhi nilimsogeza dirishani, akatazama, akanywa chai, na wote wawili tulijua kwamba zile mbao ngumu za mbele zilikuwa ndio zinaanza maisha yao.

Siku za mwisho hakuweza kusogezwa. Alilala, na asubuhi aliniuliza mimi badala ya dirisha. "Imeachana?" Nilienda jikoni nikatazama kila mara, sikujibu kutoka kitandani. Siku moja kabla hajafa aliniuliza tena, kwa sauti iliyokuwa pumzi tu. Binti wa dada yake, aliyekuja kutoka mbali, alikuwa nyuma yangu na akanibana mkono: sema ndiyo. Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua nilitaka.

"Bado, mama," nikasema.

Akafumba macho, si kwa hasira. "Basi mtamwambia nilingoja."

Nyumba iliuzwa. Yule binti wa dada yake hakutaka habari za mashua, akasema tuichukue au ataita watu waivunje. Tukaazima trela, wanaume wa kanisani wakaibeba, na sasa iko uani kwetu. Kila kiangazi waumini wanatusimanga. Mutu anakuwaka aje na mutumbwi na hapandi, wanasema, na samaki wanajaa ziwani. Fundi mzima ameshindwa kuziba matundu. Mume wangu hucheka nao. Watoto wetu hutoa majibu yao kwa Kiingereza kwamba ni mambo ya mama. Mimi huwaambia waumini kwamba si yetu, tumewekeshwa.

Mvua inapopita huwa natoka kutazama. Maji yanaingia, yanakaa, yanatoka, isipokuwa mbele, ambako hayapiti hata tone. Nikiwa peke yangu uani namwambia yule kijana kwamba mama yake alingoja. Nimemwambia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sijui anasikia ipi. Kile kiti cha kati sijawahi kukikuta kikavu.

Mama yangu alikuja tena mwaka uliofuata, kwa matembezi mafupi, alisema. Asubuhi ya kwanza akachukua kiti cha plastiki, akakipeleka uani, akakaa karibu na mashua na khanga yake mabegani. Nilimpelekea chai nikamkuta anaongea. Hakuwa anaongea na kijana wa Ayalandi. Alikuwa anamweleza baba mambo ya kawaida: nani ameoa, nani amekufa, mimi nimenenepa. Nilisimama na kikombe mkononi.

Aliponiona hakuona haya. "Ile yake hatukuiachaka ioze," akasema. "Iliondoka na watu, ikarudia wengine. Sikupata fasi ya kukaa nayo hata siku moja. Wacha nikae na hii."

Siku za matembezi zilipokwisha, mdogo wangu akapiga simu kuuliza aje kumchukua Columbus lini. Mama akasema asisumbuke. Chumba chake cha Louisville ampe mtoto. Jioni, mume wangu aliporudi kutoka Tonawanda, mama alimwita uani na kumwonyesha zile mbao za mbele, akizigonga kwa kifundo cha kidole.

"Baba, hizi mulitia, zitaoza siku gani?"

Mume wangu ni mtu mkweli, na ni fundi. Alizishika, akazipapasa mpaka kwenye skrubu, akachukua muda wake.

"Mama," akasema, "hizi zitatuzika sisi sote."

"Bon," akasema mama, akavuta kiti chake karibu zaidi.